Namba za mto zinakataa: utatuzi wa matatizo ya TP ya jiografia kwenye mito ya Bukavu

Wadogo zangu wa jiografia, kila ikifika muda wa TP (kazi ya vitendo) ya mto malalamiko ni yale yale, debi (kiasi cha maji yenye kupita kwa sekunde) haitoke vizuri, chungwa ya kupimia kasi imeenda na maji, watu wa avenue wametufukuza, GPS inatuweka katikati ya ziwa. Basi nimeandika hii kwa mtindo wa fundi: unaanza na ile unaona, unatafuta inatoka wapi, unatengeneza. Mifano nitatoa ya Kawa na Kahuwa juu njo mito tuko nayo karibu, inashuka vilima, inapita katikati ya nyumba za watu na inaingia Ziwa Kivu, lakini hata mwenye kuwa fasi ingine atajikuta humu.

Kitu kimoja kwanza. Namba ya ajabu usiifute. Mutu akiona kituo cha tatu hakifanane na kile kitabu kinasema, anachukua gome (kifutio) haraka haraka, kumbe mara mingi mto wenyewe njo iko ya ajabu pale, kuna ukuta, kuna tairi, kuna tuyo (bomba) ya mtu inamwaga maji. Shida inatokeaka ukingoni lakini inaonekanaka jioni mbele ya kompyuta, na ile saa hakuna hata mmoja wa kundi anakumbuka kama pale kulikuwa jiwe ao gunia. Kwa hiyo kwenye kaye, pembeni ya kila namba, muache kolona ya "niliona nini". Maneno matatu inatosha. Karibu kila jibu lenye niko naandika hapa chini linaishia kwenye ile kolona.

Chungwa inatumia sekunde 9, kisha 21, kisha 13

Njia yenyewe munaijua: munachagua metre 10 ya mto yenye kunyooka, mmoja anakaa juu, mmoja chini, munaachia kitu chenye kuelea na munahesabu sekunde. Mukipata 13, 14, 15 hakuna shida, hiyo ni mto tu, chukueni wastani. Ikianza kuruka vile kutoka 9 mpaka 21, muangalie kwanza munaachia nini. Chupa tupu ya plastiki njo adui namba moja, inakaa yote juu ya maji na upepo unaichezea, na karibu na ziwa mchana upepo unatokaka ziwani, unaisukuma kurudi juu, halafu munaandika kama mto uko polepole. Chukua chungwa ao ndimu kubwa, ile inazama karibu yote, upepo haina fasi ya kushika, na rangi yake unaiona mbali. Kama hakuna, chupa ndogo mujaze maji zaidi ya nusu na mufunge muzuri. (Na ile chungwa kisha kazi musiimenye, tafadhali, maji ile imepita chini ya vyoo mingi.)

Kama kitu kiko sawa, angalia fasi munaachilia. Katikati maji inakimbia, pembeni inalala, sasa kama mmoja anatupa katikati na mwenzake anatupa kando, hizo ni kasi za fasi mbili, hamuwezi kuzichanganya na kushangaa. Pimeni kushoto, katikati, kulia, kila upande mara tatu ao zaidi, na muandike upande. Tena musiachilie pale pale kwenye mstari wa kuanzia, mupande juu kidogo metre moja ao mbili ili ikifika kwenye mstari iko na mwendo wa maji tayari.

Halafu kuna ile chungwa inaingia nyuma ya jiwe, inazunguka, inazunguka, kama iko na mambo ya kufikiria. Ile mara mupige mstari mmoja juu ya namba, ibaki inasomeka, muandike "ilizunguka nyuma ya jiwe, kushoto", murudie. Ikizunguka karibu kila mara basi fasi muliichagua vibaya, musogee.

Na sababu yenye watu hawatake kukubali ni ile ya mwenye kushika kronometre. Kawa inapiga kelele, mwenye kuwa juu analia "topu!", wa chini hasikii, anaanza kuhesabu akiona mwenzake amefungua mdomo. Acheni kulia. Tumieni mkono, unainua, unashusha, njo kuanza. Ao vizuri zaidi, mtu mmoja anashika telefone na anatembea na chungwa ukingoni, yeye anaanza na yeye anasimamisha, kosa yake itakuwa moja kila mara.

Ukipata kasi usisahau kama hiyo ni ya juu ya maji tu. Chini, karibu na mawe, maji inakwenda polepole, kwa hiyo tunapunguza: kama chini ni mawe mawe zidisha na 0,8, kama ni matope laini 0,9, na vitabu mingi vinakata katikati vinaweka 0,85. Andika ile umetumia. Makundi mbili zilizopima fasi moja na kupata majibu tofauti, wakati mwingine tofauti yao yote ni hiyo tu, mmoja ametumia 0,8 mwingine hakupunguza kitu.

Mulineti (chombo chenye kapanga ka kuzunguka, cha kupima kasi ya maji) inasoma sifuri na maji inakimbia

Sashe (mfuko wa plastiki). Imejifunga kwenye kapanga. Toa, osha, rudisha, na kila mara kabla ya kusoma muinue muangalie. Kama haiko sashe, muangalie kama imegeuka, uso wake lazima ukutane na maji. Na kina cha kuiweka, kama munapima mara moja tu, ni 0,6 kutoka juu: maji ya sentimita 50, munaishusha sentimita 30.

Eneo la mkato (mto ukikatwa kutoka ukingo mpaka ukingo) inatoka kubwa kupita ile macho inaona

Hapa mupime tena upana. Metre ya kitambaa ikilegea katikati inaongeza, na kama mumeivusha kwa mshazari, sio moja kwa moja kutoka ukingo mpaka ukingo, inaongeza zaidi. Mtu mmoja asimame mbali chini ya mto aangalie kama mstari unakata maji sawa sawa.

Kisha kina. Kwenye mito ya mjini, chini si chini. Unasukuma fimbo, inashuka, inashuka, unaandika sentimita 48, kumbe sentimita 20 ya mwisho ni sashe, vitambaa na matope laini, maji haipite pale. Dawa yake ni ya bei rahisi: chukua kifuniko cha bati cha kopo la maziwa, kipigilie musumari chini ya fimbo, sasa fimbo iko na mguu, inasimama juu ya zile taka badala ya kuzama ndani yake. Utaona kina kimepungua mara moja. Ila usisukume kwa nguvu, unagusa tu.

Ile maji yenye kupanda mbele ya fimbo nayo inadanganya. Mto ukiwa na kasi maji inapiga fimbo inafanya kilima kidogo upande wa juu na kishimo upande wa chini. Soma kwa pembeni.

Kuna jambo lingine ambalo makundi mingi yanarukaka. Wanaandika sifuri kwenye ncha mbili za mkato juu ya mazoea, juu mto wa kwenye kitabu uko na ukingo wenye kushuka polepole. Lakini kama upande mmoja ni ukuta wa mawe ya mtu aliyejenga mpaka ndani ya maji, pale kina kwenye ukuta haiko sifuri, inaweza kuwa sentimita 30 kabisa. Pima pale pale kwenye ukuta, andika ile umepata.

Mfano mufanye hesabu pamoja: upana 4,2 m, wastani wa kina 0,25 m, eneo ni 1,05 m². Chungwa imemaliza metre 10 kwa sekunde 14, hiyo ni 0,71 m kwa sekunde, zidisha na 0,8 juu chini ni mawe, unapata 0,57. Debi ni 1,05 mara 0,57, ni kama 0,60 m³ kwa sekunde. Namba kama hizo kwa mto mdogo zinaingia akilini.

Debi ya chini ni ndogo kuliko ya juu

Hii njo inaogopesha watu, juu kitabu kinasema ukishuka mto maji inaongezeka. Ni kweli, mto ukiwa na vijito vinaingia na hakuna mtu anaugusa. Sisi tuko mjini.

Uliza kwanza saa. Kama kituo cha juu mulikipima saa tatu na cha chini saa nane, na usiku ilinyesha, maji imekuwa inashuka muda wote huo, kwa hiyo munalinganisha mto wa asubuhi na mto wa mchana. Pangeni makundi mbili zipime saa ile ile. Kisha tembeeni katikati ya vituo viwili, kwa miguu, pande zote mbili kama inawezekana. Wenye kuosha magari na moto wanachukua maji, wenye kufyatua matofali wanachukua, mtu ameweka mpira wa kupeleka maji kwenye shamba lake la mboga. Na fasi mto umejaa mawe na vifusi, sehemu ya maji inapita chini chini katikati ya mawe, huioni, chungwa haiioni. Ile haijapotea, shuka kidogo utaikuta imerudi.

Kinyume chake pia inatokea, debi inapanda sana na hakuna kijito kwenye karte. Kijito kiko, ila ni kanivo (mtaro) ya barabara, ao tuyo imetoka kwenye ukuta, ao chemchem ndogo chini ya mgomba. Ukiikuta na inamwaga vizuri, pima kwa ndoo: ndoo ya litre 20 inajaa kwa sekunde 8, hiyo ni litre 2,5 kwa sekunde. Ndoo mimi naiamini kuliko chungwa, na kuliko mulineti pia, ila mto mzima hauingie ndani.

Na kama tofauti ya vituo viwili ni asilimia kumi ao kumi na tano, musiandike kurasa mbili za kueleza. Njia ya chungwa haiko na macho ya kuona tofauti kama hiyo.

Maji imegeuka rangi na hapa hakuna mvua

Tokeni. Musimalize kipimo, musikunje metre, tokeni kwanza.

Vilima vyetu vinasimama wima, udongo umefunikwa na mabati na saruji, mvua ikipiga juu ya komine ya Kadutu maji haina fasi ya kuingia, yote inashuka mara moja, na nyinyi kule chini karibu na ziwa jua linawaka. Alama zinakuja kwa mpangilio: maji inakuwa kahawia, kunaanza kupita majani na sashe mingi na povu, kisha unasikia mawe yanagongana chini ya maji, kama mtu anatikisa gunia la viazi. Ukifika kusikia mawe umechelewa kidogo. Kwa hiyo kila kundi liwe na mtu mmoja mwenye hana kazi ingine, anaangalia juu, anaangalia mawingu upande wa vilima, na akisema tutoke hakuna kubishana, hata kama yeye ni wa mwaka wa kwanza na shefu wa kundi ni wa mwaka wa tatu. Kuanzia Septemba mpaka Mei mvua inaweza kuanguka mchana wowote, mingi inaanguka kisha saa sita, basi kazi ya ndani ya maji mumalize asubuhi. Juni mpaka Agosti muko na nafasi zaidi.

Hata siku ya jua, maji ikipita magoti na inakusukuma, usiingie. Mwenye kuwa na kidonda wazi abaki na kaye ukingoni. Buti, glavu za mikono, na sabuni na bidon ya maji safi ya kunawa kabla mtu hajagusa mandazi, kolera haiko hadithi huku kwetu.

Watu wametuzunguka, wanauliza maswali, metre imekamatwa

Sababu ni moja na iko wazi kabisa: mtu amejenga karibu na maji, anajua kama hairuhusiwe, anaona vijana wenye jile (kizibao) ya rangi na metre ndefu. Atafikiri nini?

"Munapima nini hapa? Munakuja kutubomolea?"

"Hapana papa, sisi ni banafunzi ya jiografia. Tunapima maji tu, hatupime parsele."

"Banasemaka vile. Juzi bengine balikuja na metre, kisha tukaona msalaba mwekundu ku ukuta."

Huyo papa musimjibu kwa barua peke yake. Barua ya fakulte muwe nayo, yenye muhuri, lakini muionyeshe kwanza kwa shefu wa kartie na shefu wa avenue siku moja kabla, na muombe shefu wa avenue awape mtu wa kutembea nanyi, mwenye wanamujua. Jile muziache nyumbani. Rangi ya kuweka alama kwenye ukuta, hapana kabisa, hata chaki, tumieni kamba na jiwe. Musipige picha za nyumba, mupige za maji, na kabla ya kupiga muombe. Na mukianza na salamu na maswali ya kweli, "mama, wakati wa mvua maji inafikaka wapi hapa?", mama yule atatoka nje, ataweka mkono kwenye ukuta wake, atakuonyesha mstari, "mpaka hapa, na mwaka ule watoto walilala juu ya meza". Pale umepata kimo cha mafuriko, kitu chenye mulineti haitakupatia hata siku moja. Pima ule mstari kutoka kwa maji ya leo na uandike.

Watoto wakikamata chungwa, hiyo nayo ni shida ya kila TP. Kuwafukuza haisaidie, wanarudi kumi. Mpe mmoja kazi ya kukamata chungwa kwenye mstari wa mwisho, ukingoni, si ndani ya maji, yeye mwenyewe atafukuza wengine.

Mteremko unatoka wa kupanda

Mto hauwezi kupanda, kwa hiyo ni chombo. Programu ya telefone ya kupima mteremko kwa umbali wa metre 10 haitoshe, mkono ukitikisika kidogo umeharibu. Muazime nivo ya maji ya bamasoni, ule mpira mrefu wa kuonekana ndani, munajaza maji, munashika ncha mbili kwenye fimbo mbili zenye vipimo, maji kwenye ncha zote mbili inasimama kimo kimoja, munatoa namba moja kwa ingine. Kama bado inatoa mambo ya ajabu, kuna hewa ndani ya mpira. Angalieni mpira wote taratibu, kapovu kamoja katikati kanatosha kuweka tofauti ya sentimita kadhaa. Mugongegonge na kidole mpaka katoke. Na fimbo zote mbili zisimame juu ya maji ya mto, kwenye uso wa maji, sio moja juu ya jiwe na ingine ndani ya shimo.

Mawe ya kituo cha chini yana ncha kali kuliko ya kituo cha juu

Inatakiwa iwe kinyume, jiwe likisafiri linasuguliwa, linakuwa la mviringo. Lakini mawe ya chini mjini hayakusafiri, yameletwa na lori. Vifusi vya ukuta, vipande vya matofali, mawe ya kuzuia ukingo, na pembeni vilima vyenye kuporomoka vinaleta mawe mapya kabisa. Kwa hiyo kwenye kuhesabu mufanye makundi mbili, ya mto na ya watu, tofali na saruji vinaingia kwa watu, na muhesabu indisi ya Cailleux (kipimo cha mviringo wa jiwe) kwa ya mto tu. Munaikumbuka: mara mbili ya radiusi ya pembe kali zaidi, gawanya na urefu wa jiwe, zidisha na 1000. Ikikaribia 1000 jiwe limekuwa mpira. Kama munapata zaidi ya 1000, mumechanganya radiusi na kipenyo.

Kama vituo vyote vinatoa ukubwa mmoja wa mawe, tatizo iko kwenye mkono wenu, unachagua yale mazuri ya kushikika. Njia ya Wolman ya 1954 inaomba mawe 100 na bila kuchagua: unapiga hatua, unaangalia pembeni, unashusha kidole, la kwanza kugusa njo hilo, hata kama ni kachanga. Upimaji ni ule mhimili wa katikati, sio mrefu wala mfupi. Chini ya 2 mm ni mchanga, juu ya 256 mm ni jiwe kubwa lenye hulibebe, lipime pale pale.

Wengine wanashangaa fasi mto uko polepole kabisa karibu na ziwa na maji bado ni ya udongo. Hakuna kosa. Ile grafiki ya Hjulström ya 1935 inaeleza vizuri: udongo wa mfinyanzi ni mgumu kuutoa, unashikana, unataka kasi kubwa kuliko mchanga, lakini ukishatoka hauanguke, hata maji ikilegea unabaki unaelea. Mchanga njo unaanguka haraka. Angalieni kwenye mdomo wa mto, mchanga umebaki pale na rangi ya kahawia imeingia mbali ndani ya ziwa.

GPS

Alama zenu ziko kaskazini ya ikweta, karibu na Mungbere kule Haut-Uélé: mumesahau alama ya kutoa, Bukavu iko kama -2,5 na 28,86. Mukitumia UTM (alama za fasi kwa metre) ni zone 35 kusini. Alama zinaruka kila upande: muko ndani ya bonde jembamba kati ya kuta, satelaiti zinaonekana kidogo, muache telefone itulie dakika chache kabla ya kuandika. Na urefu kutoka usawa wa bahari ni dhaifu siku zote kwenye telefone. Njia ya kuujaribu tuko nayo bure, mushuke mpaka ziwani, uso wa Kivu uko karibu metre 1 460, kama telefone inasema 1 420 munajua inakosa kiasi gani siku ile.

Kompyuta inatoa 60 m³ kwa sekunde

Kina kimebaki kwenye sentimita. Mfano wetu wa juu, weka 25 badala ya 0,25 utaona. Na Excel ya Kifaransa inataka koma, mwenye kuandika 4.2 na nukta anaweza kukuta imekuwa maandishi, na jumla inamruka bila kusema kitu. Hakikisha namba zimekaa upande wa kulia wa kasanduku.

Ilinyesha usiku mzima, Ruzizi haijapanda

Wako wenye kuchagua Ruzizi juu ni mto mkubwa, iko karibu, na jina linapendeza kwenye TFC (kazi ya mwisho wa masomo). Kisha wanataka kuonyesha mvua na debi vinaenda pamoja na inakataa. Itakataa. Ruzizi inatoka ndani ya Ziwa Kivu, pale haina kilima cha kuijaza, iko na ziwa. Kivu ni kama kilomita za mraba 2 400, mvua ya milimita 50 ikianguka juu yake yote inaipandisha sentimita 5, ukiongeza na ya mito yenye kuingia bado inapanda polepole, kwa siku na wiki. Halafu chini kidogo kuna barrage ya umeme ya Ruzizi I kule Mururu, tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wenye kufungua na kufunga njo wanaamua maji ngapi ipite. Na zile sashe zenu za Kawa zinafikaka mpaka pale, zinaziba mitambo, hiyo peke yake ingekuwa TP nzuri kuliko debi.

Tena ule mto ni mpaka na Rwanda. Kusimama ukingoni na metre na fimbo yenye rangi, bila ruhusa ya kuandikwa, si kazi ya mwanafunzi. Kama swali lako ni mvua na debi rudi Kawa, siku moja baada ya mvua, saa ile ile na kundi la kituo cha juu. Kama unataka Ruzizi kabisa, omba namba za kimo cha ziwa na uzilinganishe mwezi kwa mwezi, uzione msimu wa mvua unapanda na kiangazi kinashuka, utaandika ukiwa umekaa.